Msiba wa Majani ya Mninga

Enzi zetu, nyie wenzangu mliokula chumvi nyingi, mtoto wa kike alijulikana kwa ufagio wake. Kabla jogoo hajamaliza kueleza alichoamkia, uwanja ulikuwa umefagiliwa, tena si kufagiliwa tu, umechorwa. Ulianzia mlangoni umeinama, mkono mmoja mgongoni, ukirudi kinyumenyume mpaka njiani ili usikanyage ulipokwisha kupita. Bibi yetu mzaa baba alitoka nje akiwa na mswaki wake wa kijiti, akatazama ile mistari kama mwalimu anayesahihisha daftari. Akiona unyayo katikati alisema, "Huo ni mguu wa Skola." Skola ni mimi, na hakukosea hata siku moja.

Mjukuu wangu nikimwambia haya ananiuliza kwa nini tulikuwa tunafagia udongo wakati chini yake kuna udongo mwingine. Amesoma mpaka chuo, maskini.

Nyumbani kwetu ni Nsemulwa, wakati Nsemulwa bado ni mashamba na nyumba za kuhesabu, na ukisema unakwenda Mpanda mjini watu wanakuagiza chumvi. Baba alipofyeka kiwanja aliangusha miti yote isipokuwa mninga mmoja, ambao alisema utatoa vitanda vya harusi za binti zake. Mama alikuwa akimjibu kwamba vitanda hatujaviona, lakini majani tunayaona kila mwaka. Maana ukiingia mwezi wa saba mninga ule ulikuwa unajivua kama mtu anayekwenda kuoga. Majani yalianguka asubuhi, mchana na usiku, pamoja na matunda yake ya duara yenye miiba katikati na bawa pembeni, mithili ya yai la kukaanga lililoota ndevu. Ukimaliza kufagia na kugeuka nyuma, ulikuta kama hujafanya kitu.

Lakini sisi watoto tuliupenda msimu ule. Tulikusanya majani marundo marundo, tukayarukia kwanza na kuulizana baadaye kama kulikuwa na nge. Jioni yalichomwa, na viazi vitamu vikafukiwa ndani ya jivu la moto. Nikisikia harufu ile mpaka leo, hata njiani kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua, nasimama. Kiazi kinatoka kimeungua upande mmoja na kibichi upande wa pili, na tulikula vyote bila kumshitaki mtu.

Sasa, mwaka ninaousimulia nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeambiwa kwamba sisi ni watu wa mkoa wa Rukwa, na watu wazima walikuwa bado wanaulizana Tabora tumeikosea nini. Mikutano ilikuwa mingi, na baba yangu hakukosa hata mmoja. Mzee yule, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa wa kutii wataalamu, tena anatii na kuzidisha. Alipoambiwa maji ya kunywa yachemshwe, alichemsha hadi ya mbuzi, na mbuzi wakagoma. Alipoambiwa shimo la choo lifunikwe, alichonga mfuniko mzito kiasi kwamba kwenda chooni lazima umwite mtu wa pili akusaidie kuunyanyua. Tulikuwa tunakwenda wawili wawili kama masista.

Basi siku hiyo Bwana Shamba alisema mkutanoni kwamba majani makavu ni mbolea, na anayeyachoma anachoma chakula cha watoto wake. Hakusema zaidi ya hapo. Baba alirudi nyumbani uso umemng'aa, akatukusanya wote uwanjani.

"Kuanzia leo jani la mninga lisiguswe," alisema. "Halifagiliwi, halichomwi, halirukiwi. Lilale lilipoangukia mpaka nitakaporudi nichimbe shimo la mboji."

"Na mavi ya kuku?" Bibi aliuliza.

"Nayo yalale, Mama. Ni mbolea hayo."

Mama alikohoa kidogo. Alimkumbusha kwamba Ijumaa wanakuja wageni kutoka Usevya, washenga wa dada yetu mkubwa, Leokadia. Baba alijibu kwamba wageni waungwana watapita juu ya majani kama watu wote. Kisha akapanda baiskeli yake kwenda Mwese kutafuta mbegu ya maharage, safari ya siku tano kwenda na kurudi, akatuachia amri yake.

Hapa lazima niwaeleze vijana, kama yupo anayesoma. Zamani washenga hawakuja kutazama picha ya binti. Walikuja kutazama uwanja. Mmoja wao, kwa kawaida shangazi wa kijana, alisingizia kunyoosha miguu akazunguka nyumba, akachungulia jikoni, akatazama vyungu vimelalaje, na aliporudi kwao alisema neno moja tu: wanafagia, au hawafagii. Posa ikapona au ikafa hapo. Na Leokadia alimpenda yule kijana, mwalimu wa shule kutoka Usevya. Alikuwa na barua zake tatu amezificha ndani ya ghala la mahindi, na mimi nilikuwa nimezisoma zote, mstari kwa mstari. Hakuwa na kingine alichokitaka duniani.

Mngesema Mama angefagia tu, baba si yuko Mwese? Hamumjui mama yangu. Lile jibu la wageni waungwana lilimkaa kooni, akaamua kumtii mumewe kwa namna ya kumchapa. Alikusanya fagio zote za nyumba, akazisukuma chini ya kitanda chake. Leokadia alipopiga magoti kumwomba, alisema, "Baba yako kasema. Mimi ni mke, nasikia. Aje ayaone majani yake mbele ya wageni wake." Kuanzia hapo alitembea uwanjani akiyaruka majani, kanga kaishika juu ya magoti, kama anavuka mto.

Siku ya pili majani yalifunika vidole. Siku ya nne yalifika kwenye kifundo cha mguu, na kuku walikuwa wanapotea humo. Na kwa watu wa kwetu, uwanja usiofagiliwa una maana zake. Siku moja ni ugonjwa, siku mbili ni uvivu. Siku nne ni msiba, kwa sababu nyumba yenye msiba haishiki ufagio mpaka siku ya kuanua matanga. Hilo kila mtu analijua, na nyumbani kwetu, katika ugomvi ule wa majani, hakuna aliyelikumbuka.

Ijumaa ikafika. Asubuhi Mama alikwenda mtoni kufua mablanketi ya wageni, mimi nikatumwa kisimani. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, kajifunga kanga kichwani kwa sababu ya jino lililomsumbua. Leokadia alikaa kizingitini, akatazama ule uwanja, akaanza kulia. Hapo ndipo alipopita Mama Tadeo, jirani yetu wa nyumba ya tatu, akitokea shambani. Aliona majani ya siku nne, akamwona mzee kajifunga kichwa, na binti analia mlangoni. Alitua kikapu chake chini, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe lililofika hadi kwa watu waliokuwa wanapalilia bustani ng'ambo ya mto.

Leokadia alinisimulia baadaye, tena kwa kuona haya. Mama Tadeo alimkumbatia akamwambia, "Pole mwanangu, pole," naye akalia zaidi, kwa vile hatimaye amepatikana mtu wa kumwelewa.

"Ona majani yenyewe, Mama Tadeo," alisema. "Na wageni wanakuja."

"Watakuja, mwanangu. Wote watakuja."

Wakaja kweli. Niliporudi kutoka kisimani nikiwa na ndoo kichwani, nilikuta uwanja umejaa. Wanawake wamekaa chini ndani ya majani, wanaume wanashusha kuni, mtu mmoja anapita na debe la unga. Wote wanalia, na hakuna anayeuliza kitu. Kuuliza ni kukiri kwamba jirani yako amekufa na wewe huna habari, na nani anataka aibu hiyo? Nilipenya mpaka kwa Bibi, ambaye naye alikuwa analia kwa bidii.

"Bibi, nani kafa?"

"Nyamaza ulie," alisema. "Tutajua tu."

Nikatua ndoo, nikalia. Mimi nililia vizuri siku hiyo, sitaki kujisifu.

Mama alitokea njiani na beseni la mablanketi mabichi kichwani. Alisimama. Niliona macho yake yakituhesabu: Bibi yupo, Leokadia yupo, Skola yupo. Aliyekosekana alikuwa mmoja. Beseni lilianguka, mablanketi yakagaragara vumbini, na Mama akaketi chini pale pale njiani.

"Baba Leokadia," alisema, "si ningefagia tu. Nilikuwa nakukomoa. Majani tu, mume wangu, majani tu."

Nimeona mama yangu akilia mara mbili maishani mwangu, na hiyo ndiyo ya kwanza. Mzaha wote unaniishia nikifika hapa. Sikuwahi kujua kwamba anampenda, maana kwa kawaida mapenzi yao yalikuwa kubishana kuhusu mfuniko wa choo. Watu hawakuelewa habari za kufagia, lakini walielewa jina, na msiba ukapata mwenyewe. Kabla ya saa sita kila mtu alikuwa anajua baba alivyokufa. Kwanza ilikuwa nyati, njia ya Mwese. Baadaye ilikuwa tembo. Mzee mmoja alisema ni nyati aliyekuwa anakimbizwa na tembo, na hiyo ndiyo iliyokubaliwa.

Mchana washenga wakashuka kutoka kwenye lori la mizigo. Walikuwa wawili, mzee mwenye kofia ya pama na shangazi wa kijana, mama mnene mwenye macho yasiyokosa kitu. Walibeba jembe jipya la posa limeviringishwa kwenye kanga. Walipoona umati, wakasimama chini ya mninga wakanong'onezana. Huwezi kutaja harusi penye kilio. Mzee alijaribu kulificha lile jembe nyuma ya mti, lakini vijana wawili walishaliona.

"Asante, mzee wetu," walisema. "Mmefikiria mbali."

Wakalichukua. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa utaratibu, alikwisha kuamua kwamba mwili ukifika kutoka Mwese usikute ndugu wanahangaika. Akawaonyesha mahali nyuma ya nyumba, karibu na migomba, wakaanza kuchimba. Shangazi alilitazama jembe lao jipya likiinuka na kushuka. Leokadia naye aliliona. Alikuwa analia kwa ajili ya baba, sasa akalia kwa ajili ya baba na ya posa, na alikuwa na haki.

Jua lilikuwa limeinama tulipoisikia baiskeli. Baba yangu alitokea njiani amejaa vumbi, kafunga magunia mawili nyuma. Aliona watu, akaona mkewe kaumuka macho, na mama yake hakumwona kwa sababu Bibi alikuwa ameketi nyuma ya mama mmoja mpana. Akaitupa baiskeli.

"Mama yangu," alilia. "Mama yangu jamani, nimekukosa."

Mama Tadeo alikuwa wa kwanza kukimbia, na hakupitia njiani, alipita katikati ya mihogo. Wengine walifuata. Waliobaki ni wale ambao miguu ilikataa. Bibi aliinuka polepole, akatokeza.

"Nipo, we mtoto," alisema. "Anayeliliwa ni wewe."

Ilichukua muda kumweleza. Mama alimshika mkono na hakuuachia, jambo ambalo hatukuwahi kuliona mbele za watu. Baba alisikiliza yote, nyati na tembo, akitikisa kichwa. Halafu akatazama chini.

"Nani kakanyaga majani yangu?"

Mama aliuachia mkono. Hapo ndipo tulipogundua kilichokuwa ndani ya magunia. Mtu mmoja wa Mwese alikuwa amemwambia kwamba majani ya milimani yanaiva kuwa mboji haraka kuliko ya bondeni, kwa hiyo baba yangu alikuwa amepita siku mbili katika pori ambalo kila mti unapukutisha, akiwa amebeba majani. Mbegu ya maharage alikuwa ameisahau.

Watu walianza kucheka, kwanza mmoja mmoja, lakini shangazi wa kijana hakucheka.

"Sisi tulikuja kwa heri," alisema. "Jembe la posa limechimba kaburi. Hatuwezi kulitoa tena kwa neno la harusi. Tutalisafisha tuondoke nalo."

Leokadia alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia tena. Alisimama tu, akashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja.

"Kaburi halina mtu," Bibi alisema. "Kaburi lisilo na mtu ni shimo. Mwanangu alikuwa anataka shimo la mboji, mmemchimbia, ahsanteni. Lakini nyie wote mnajua shimo kama hilo haliachwi wazi, na kilio kilichokwisha kuliliwa hakiachwi bila kufagiliwa. Uwanja ufagiliwe sasa hivi, jua halijazama, majani yatumbukie humo. Yakishaingia, hakuna msiba hapa, na mambo ya heri yataongelewa."

Shangazi alifikiri. "Sawa," alisema. "Lakini mwenye msiba ndiye ashike ufagio kwanza."

Na kwa vile nyumba ni yake na aliyeliliwa ni yeye, mwenye msiba alikuwa baba. Na baba hakutaka. Mboji haitupwi tu shimoni, alisema, inapangwa, majani, samadi, jivu, majani tena. Bwana Shamba alieleza kwa mpangilio. Akitumbukiza yote kwa mkupuo itakuwa takataka, si mbolea, na siku tano za amri yake zitakuwa kazi bure. Tena mwanamume wa kwetu wakati ule kufagia uwanja, mbele ya wakwe, mbele ya balozi! Nilimwona akizungusha macho kutafuta mtu wa kumsaidia kubisha. Akafika kwa Leokadia, macho yakasimama hapo.

"Fagio ziko wapi?" aliuliza.

Mama aliingia ndani, tukasikia kitanda kikisukumwa. Alitoka na ufagio mmoja, akampa kwa mikono miwili.

Baba yangu alifagia uwanja ule vibaya mno. Alifagia akienda mbele, akikanyaga alipofagia, vumbi likipanda mpaka kwenye kofia ya mzee wa watu. Hakuna aliyecheka. Alisukuma majani yote mpaka nyuma ya nyumba, akayatumbukiza, na mwisho akafungua yale magunia mawili ya Mwese akayamwaga juu yake. Bibi alitazama uwanja uliojaa nyayo na hakutaja mguu wa mtu.

Washenga walilala kwetu, chini ya mablanketi mabichi, na asubuhi jembe la posa likapokelewa. Tulisikia baadaye kwamba shangazi alipofika Usevya waliomngojea walimuuliza kuhusu ile nyumba, akajibu, "Kule hata baba anafagia." Leokadia aliolewa kabla ya mvua. Mboji haikuiva kamwe. Paliota mboga za maboga ambazo hazijapata kutokea tena Nsemulwa, na baba alimpa Bwana Shamba sifa zake hadi mwisho.

Siku hizi kwetu Nsemulwa wametandika matofali uwanjani. Msichana anamwagia maji kwa mpira huku anaongea na simu, na kama kuna mti umepandwa kwenye ndoo. Msiba unaingia kwenye simu ukiwa na jina kamili, picha na saa ya mazishi, na vijana wanajibu kwa kidole gumba kimoja wakaendelea na mpira wao. Mambo yamenyooka, siwezi kukataa. Uwanja ndio hausemi tena kitu. Majirani zangu wawili walifiwa mwaka huu, na nilipita mbele ya mageti yao kila siku nikisalimia kwa furaha.

Baba alikuja kufa kweli, miaka mingi baada ya hapo, kitandani mwake, tena kiangazi. Mninga ulikuwa bado umesimama, haukutoa kitanda hata kimoja. Siku tatu hatukufagia, na majani yakaanguka. Wazee waliokuwepo enzi zile walikuwa wakifika njiani wanasita kidogo kabla ya kulia, wanatuuliza kwa macho kama safari hii tuna hakika. Mama Tadeo, mzee kwa mkongojo, aliingia mpaka chumbani akamgusa kwanza.

Siku ya tatu alasiri wakasema matanga yaanuliwe. Mama alipewa ufagio, kwa kuwa yeye ndiye mwenye msiba. Aliushika, akaenda mpaka mwisho wa uwanja, akasimama akitazama njia ya Mwese. Tuliona mabega yake, tukajua kwamba analia.

"Tungoje kidogo," alisema. "Ile mara ya kwanza alikuja jua limeinama."

Tulikaa chini, ndani ya majani, wakwe na wajukuu, tukangoja. Jua likazama, na usiku hakuna anayefagia, basi majani yakalala pale siku moja zaidi.